Ndiyo Ambayo Mama Hakuisema

Kila siku baada ya shule, Kasuku alipitia dukani kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuwahi kufunga mdomo, na siri haikukaa kwake hata ikapoa. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha kufumia masweta ya shule. Mama alikaa mbele ya mashine akisukuma kishikio kushoto na kulia, kraa, kraa, na sweta likashuka taratibu upande wa chini. Kazi ya Kasuku ilikuwa kukata nyuzi zilizoning'inia, kushona vifungo na kupiga soga, na katika hiyo ya mwisho hakuwa na mpinzani.

Muhula ule mashine ilianza kunyamaza mara kwa mara. Mama alisukuma kishikio kidogo tu, kisha akashika ukingo wa meza na kufumba macho. Viganja vyake vilipauka. Akipanda ngazi za mlangoni alihema kama aliyebeba gunia la mahindi, na mchana kutwa alitafuna barafu, tabia ambayo hakuwa nayo zamani. Nyumbani alifua nguo zake peke yake, mapema, wengine wakiwa bado kitandani. Siku moja Kasuku aliona maji mekundu kwenye beseni. Alipouliza, mama alisema ni mambo ya kina mama tu, yamezidi kidogo, na akamsihi asimwambie baba.

Baba alikuwa fundi umeme, mtu wa mzaha na mwenye huruma. Lakini nyumbani mwao lilikuwepo jambo moja ambalo likitajwa mezani, hamu ya kula iliisha. Mama alisali katika kanisa dogo ambalo waumini wake hawakubali kuongezewa damu. Kwao damu ni uhai, na uhai ni wa Mungu. Baba hakusali huko. Mara ya mwisho walipoligusa jambo hilo, baba alipiga meza kwa kiganja akasema kuwa mke wake akiugua ataongezewa damu, apende asipende. Mama aliinuka akakusanya vyombo. Tangu siku hiyo hakuumwa tena, yaani hakuumwa kwa maneno. Mwilini aliumwa kila siku.

Alasiri moja alisimamisha mashine na kumwita Kasuku karibu.

"Mwanangu, nikizidiwa nisiweze kusema, wewe utawaambia madaktari. Wanitibu kwa kila walicho nacho. Damu ya mtu mwingine, hapana."

"Kwa nini mimi? Mwambie baba."

"Baba yako anajua. Hataki kusikia tu."

"Na ukifa je, mama?"

Mama alikata uzi kwa meno, akautazama kwa muda. "Sitaki kufa hata kidogo," alisema. "Ndiyo maana nakuambia, ili wasipoteze muda wakibishana."

Kasuku alirudi kwenye vifungo vyake. Alijichoma sindano. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepewa neno ambalo hakutamani kulisema kwa mtu yeyote.

Siku chache baadaye alifika dukani akakuta mlango wazi na mashine kimya. Mama alikuwa sakafuni kati ya mabunda ya nyuzi, na kiti chake kilikuwa kimelowa damu. Kasuku alipiga yowe. Fundi viatu wa jirani alikuja mbio, akampigia baba simu, na wakampeleka mgonjwa hospitali akiwa hajitambui.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alitoka chumbani akawaeleza kwamba mama ana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, amepoteza damu nyingi mno, na lazima apasuliwe muda si mrefu. Damu ya kundi lake ilikuwepo. Lakini mzee wa kanisa la mama naye alikuwa amekwisha kupata habari na kufika. Alikaa kwenye benchi na kofia yake mkononi, na kwa upole alikuwa amesema kwamba dada yao haongezewi damu. Baba alisema aongezewe, na sasa hivi.

"Nimewasikia nyote wawili," alisema daktari. "Nataka kujua yeye mwenyewe alisema nini."

Baba alimvuta Kasuku hadi kona ya kuchukulia dawa, akachuchumaa mbele yake. Alimshika mikono yote miwili kama anayeomba. Kasuku hakuwahi kumwona hivyo.

"Wewe ndiye unayeshinda naye, watakuamini," alinong'ona. "Sema alikubali."

"Lakini hakukubali, baba."

"Unamtaka mama yako au humtaki?"

Hilo si swali la kumwuliza mtoto, na baba angekuwa na utulivu asingeliuliza. Kasuku alimtaka mama yake kuliko kitu chochote duniani. Alirudi kwa daktari, akasema kuwa mama alimwambia akizidiwa aongezewe damu, na kwamba alisema ndiyo.

Daktari alimtazama kwa makini, kisha akamtuma muuguzi akalete damu. Mzee wa kanisa aliinamisha kichwa. Baba alimshika Kasuku bega, na Kasuku akangoja moyo wake utulie. Haukutulia. Ulianza kumwenda mbio, na kadiri muuguzi alivyokuwa akirudi na ile chupa nyekundu ndivyo ulivyozidi.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Maji ya dripu yalikuwa yamemrudishia mama nguvu kidogo, akafumbua macho. Aligeuza kichwa, akamwona binti yake mlangoni, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejua kwamba ameacha neno lake mahali salama, kisha akayafumba macho tena bila wasiwasi. Kasuku alimgeukia daktari.

"Daktari," alisema, "nimesema uwongo. Mama alikataa."

Baba alidakia kwamba mtoto amechanganyikiwa, asisikilizwe. Daktari aliinua mkono. Alimwambia muuguzi asiunganishe chupa kwanza, kisha akawataka baba na mzee wa kanisa wote wakae nje. Mzee aliomba abaki ili amwombee mgonjwa.

"Utamwombea hapo benchi," alisema daktari. "Nikimwuliza mbele yako, sitajua kama ananijibu mimi au anakujibu wewe. Na mumewe vivyo hivyo."

Kasuku hakuambiwa atoke, naye akajibana nyuma ya pazia. Alimsikia daktari akimwamsha mama, akimweleza kila kitu polepole. Alimwambia kuwa humo ndani hakuna mwingine wa kumwogopa. Alimwambia pia, bila kupaka sukari, kwamba bila damu anaweza kufa mezani leo.

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Unataka damu?"

Kasuku alikunja ngumi akiomba kimoyomoyo mama aseme ndiyo, mara moja tu.

"Hapana," ilisema sauti ya mama, nyembamba lakini imenyooka. "Mnipasue, mnipe dawa zote. Damu hapana."

"Mimi sikubaliani nawe," alisema daktari. "Lakini nimekusikia."

Wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Muuguzi alipita mbele ya Kasuku akiirudisha ile chupa, na Kasuku alitamani kumpokonya. Baba alikaa mwisho wa benchi akiwa amempa mgongo. Kasuku alipomwuliza kama angependa maji, alijibu kwamba mama asipotoka mzima, Kasuku asimwulize neno lolote. Mzee alisali kwa sauti ndogo. Kasuku alimchukia yeye, akamchukia baba, akajichukia mwenyewe zaidi. Kila kitanda kilichotoka na magurudumu yake yakilia, alidhani ni mama, amefunikwa uso.

Hatimaye daktari alitoka. Nguo zake zilikuwa zimelowa jasho.

"Yu hai," alisema. "Ameponea chupuchupu, na bado hajavuka hatari. Msinishukuru sana. Wengine wenye jibu kama lake nimewapoteza." Akamgeukia baba. "Angekuja mapema, kulikuwa na vidonge vya kumjengea damu yake mwenyewe, na upasuaji wa kupangwa bila haraka. Mbona alijificha?"

Baba alisema hajui.

"Alikuogopa wewe, baba," alisema Kasuku.

Daktari alikaa kati yao.

"Sikiliza, binti. Ungekuwa wewe kitandani, ningepigania uhai wako kwanza, maana hujafika umri wa kuchagua jambo kama hili. Mama yako amefika. Mtu mzima mwenye akili zake ndiye msemaji wa mwili wake. Si mume, si kanisa, wala si mimi. Ulipodanganya, ulimnyang'anya neno lake akiwa hana nguvu za kulidai. Naelewa kwa nini. Ila umefanya vema kulirudisha."

Siku ya tatu mama aliweza kuzungumza. Kasuku alimweleza yote, hata ule uwongo, hata alivyoomba nyuma ya pazia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono.

"Bado nimekukasirikia," alisema Kasuku.

"Kasirika, mwanangu. Hiyo ni haki yako."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akavuta kiti hadi ubavuni mwa kitanda.

"Sikubaliani na wewe," alimwambia mama, "na huenda nisikubali maisha yangu yote. Lakini mtu akiumwa nyumbani kwangu asijifiche. Hilo kosa ni langu." Alifuta uso. "Haya, niambie. Ulianza kuumwa lini?"

Mama akaanza kumwambia.