Kiu ya Mama Mkwe

Bomba la nje lilianza kudondosha jioni moja, mara tu baragumu la sala lilipolia. Tone, kimya, tone. Peniamina alilisikia akiwa ameketi mkekani na mkewe Fuatino, macho wamefumba, zaburi mdomoni. Angekuwa na hiari yake angetoka papo hapo, maana alikuwa fundi wa mabomba, na maji yanayopotea humkera fundi kuliko jino bovu. Lakini katika kijiji kile cha kisiwani Savai'i, baragumu likilia hakuna mtu kukanyaga nje mpaka sala iishe. Walinzi husimama barabarani, na anayekamatwa hutozwa nguruwe. Akauma meno, akaendelea kuimba.

Sala ilipokwisha alitoka na tochi. Mdomo wa bomba ulikuwa mkavu kabisa.

Asubuhi alilifungua hata hivyo. Akatoa kipira kilicholika, akatia kipya, akazungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba, akakaza kwa spana. Jioni baragumu likalia na bomba nalo likaanza: tone, kimya, tone. Safari hii lilikuja na harufu ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na maua ya langilangi. Fuatino akafumbua macho.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Bomba hilo. Nitalimaliza kesho."

"Sisemi bomba, mume wangu. Hiyo harufu. Hayo ni mafuta ya mama."

Mama yake alikuwa amelala mbele ya nyumba, hatua chache kutoka mlangoni, kama wafu wote wa kijiji kile wanavyolala, chini ya jukwaa la vigae vyeupe. Peniamina alimpenda bibi yule. Mwanamume anayehamia kwa ukoo wa mkewe hupika wa kwanza na kula wa mwisho, na pale kila mtu alimwita "mtu wa kuja", isipokuwa mama mkwe. Yeye alimwita mwanangu, mbele ya watu, tena kwa makusudi.

Aliyelikazania zaidi lile jina la mtu wa kuja alikuwa Toalua, kaka yake Fuatino. Alikuwa ametoka kuvishwa uchifu wa ukoo, akajenga nyumba mpya upande wa pili wa kaburi, na kichwa kikamvimba.

"Fundi gani wewe, bomba moja linakutoa jasho?" alifoka mbele ya vijana waliokuwa wakimenya magimbi. "Wageni wa sherehe yangu watanawia wapi, mfukoni mwako?"

"Shemeji, kipira ni kipya."

"Basi aliyechakaa ni fundi!"

Vijana wakaangua kicheko. Peniamina aliimeza hasira ile, ikakataa kushuka.

Siku hiyo ndipo Fuatino aliposhikwa na kiu. Alikunywa kata, akanywa jagi, akainamia ndoo, na midomo ikazidi kupasuka. Ngozi ya mikono ikajikunja kama ya mtu aliyeshinda akifua, na ilikuwa baridi. Zahanati wakampa vidonge vya homa, na homa yenyewe hana. Jioni, baragumu lilipolia na bomba likaanza kudondosha, matone yakaja upesi zaidi, na harufu ya langilangi ikajaa chumba mpaka taa ikaonekana kufifia, na Fuatino, aliyekuwa amelala kimya ubavuni mwa mumewe, akaketi bila kujishika popote, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka humo, ya kikongwe, yenye mkwaruzo ambao Peniamina aliujua na alikuwa ameuzika kwa mikono yake mwenyewe, ikasema, "Nina baridi."

Kulipokucha alimwita Lagi, mganga, mwanamke mnene asiye na subira na mtu. Lagi alimsugua mgonjwa kwa majani, akamwinamia sikioni.

"Wewe ni nani, na umekuja kwa lipi?"

"Mnanijua," sauti ikajibu. "Nimelala majini. Mwanangu wa kumzaa kanilaza majini, na yeye analala pakavu."

Lagi alinyanyuka, uso umemparama. "Huyu ni aitu, mzimu wa mwenye nyumba, na kakasirika kwa haki. Tafuta hayo maji. Ukichelewa, mkeo anakwenda naye."

Peniamina alifunga kila koki ya nyumba zote mbili, kisha akaenda kuitazama mita ya maji. Gurudumu lake dogo bado lilikuwa linazunguka. Kumbe muda wote huo alikuwa akitibu mdomo, na kidonda kiko tumboni! Akachukua ufito wa chuma, akawa anauchoma ardhini kufuata mahali nyasi zilipokuwa mbichi kuliko kwingine. Kila ulipochomoka na tope alisogea mbele, na tope likampeleka moja kwa moja hadi kwenye vigae vyeupe.

Toalua alikuwa barazani kwake.

"Shemeji, ulipojenga, nami nikiwa shambani, ulilihamisha bomba la ardhini. Ulilipitisha wapi?"

"Njia ya mkato."

"Wapi?"

"Chini ya kaburi, basi! Ulitaka nizunguke mpaka baharini? Tulikuwa tunatia vigae, udongo ulikuwa bado wazi."

"Umempitishia mama yako bomba kifuani!"

"Chunga ulimi, mtu wa kuja. Ukigusa kigae kimoja, leo unalala kwenu."

Peniamina aliinua nyundo akapiga. Alipiga kwa kila gimbi alilomenya, kwa kila kicheko alichomeza, kwa mkewe anayekauka ndani, na Toalua aliyekuja mbio kumzuia alipoyaona macho yake alirudi nyuma. Chini ya vigae udongo ulikuwa uji. Kiungo cha bomba kilikuwa kimepakwa gundi na kufunguliwa maji kabla haijashika, na maji yalikuwa yakivuja kwa mnong'ono kama mtu anayelalamika. Akalikata, akaziba, akalaza bomba jipya kulizunguka kaburi.

"Bomba limepona," Lagi alisema. "Mama bado. Mkosaji aje chini ya mkeka."

Hakuna asiyejua desturi hiyo. Aliyekosa hujifunika mkeka laini wa ukoo, akaketi chini mbele ya aliyemkosea, mpaka aliyekosewa aufunue. 

"Chifu haketi chini ya mkeka kwa ajili ya bomba," Toalua alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Pumzi za Fuatino zilikuwa zimeanza kukatika. Peniamina akautwaa mkeka mwenyewe, akajifunika, akaketi juani mbele ya kaburi lililobomolewa.

"Mama, kosa si langu, ila aibu yake nitaibeba. Niachie mke wangu."

Alikaa mpaka jasho likamwingia machoni. Kisha mkeka ukafunuliwa taratibu, kuanzia kichwani. Aligeuka kumshukuru Lagi, lakini Lagi alikuwa mbali, mlangoni, mkono mdomoni. Na kutoka ndani Fuatino akaita kwamba ana njaa, na nani kamaliza magimbi?

Jioni baragumu likalia. Wakaketi, wakafumba macho. Bomba halikutoa hata tone, na Peniamina akaimba kwa furaha.

Ndipo ng'ambo ya kaburi koki ikafunguka. Ya jikoni. Halafu ya bafuni. Halafu ya uani, maji yakivuma kama mto.

"Shemeji!" Toalua alipiga kelele. "Peniamina! Hayafungiki! Njoo, ndugu yangu, nina ki—" Sauti ikageuka kuwa mgugumio wa mtu anayekunywa asiyeweza kuacha.

Peniamina alikuwa bado na hasira naye, lakini mtu ni mtu. Akashika spana, akainuka. Mkono ukamdaka kifundo cha mguu. Ulikuwa baridi, umejikunja ngozi, na nguvu zake hazikuwa za mgonjwa. Fuatino hakuwa amefumbua macho. Chumba kizima kilinukia langilangi.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Sala haijaisha. Mwache anywe."