Maji Kwenye Injini ya Lorraine

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lorraine Thibodeau alikuta trekta lake limepasuka.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na baridi ilikuwa ile inayogandisha unyevu wa puani. Aliingia bandani, akagusa plagi ya hita ya umeme inayoipasha injini joto isigande, kama alivyofanya kila siku, akaikuta imekaa sawasawa kwenye soketi. Akapanda kitini, akageuza ufunguo. Starta ilinguruma mara moja, ikakwama. Aliposhuka na kumulika tochi ubavuni mwa injini, aliona ufa mrefu, na ndani ya ufa, barafu safi isiyo na rangi.

Kulanti aliyoitumia, ile dawa ya kupozea injini, ilikuwa ya kijani, na haigandi kwa baridi ya kiasi kile. Yale yalikuwa maji ya bomba.

Alimpigia simu binti yake, Noreen, aliyeishi mjini chini ya kilima. Noreen akasema kwa upole, "Mama, labda ulibadilisha kulanti mwenyewe ukasahau."

Lorraine akakata simu. Akakaa jikoni na koti mwilini, mbwa wake mzee Moxie miguuni. Alijaribu kukumbuka, akaona kwamba hana uhakika. Ndipo akampigia konstebo.

Delphine Gagnon alikuwa ameajiriwa miaka mingi kukagua mizani za madukani kabla wananchi wa Eastmore, kaskazini mwa Vermont, hawajamchagua kuwa konstebo wao. Aliacha gari barabarani akapanda kwa miguu, kwa sababu njia ya kwa Lorraine ilikuwa imefungwa na theluji ya kufika magotini. Alifika saa tatu kasoro akihema.

"Kabla hujauliza," Lorraine alisema, "ujue nina miaka sabini na sita, na binti yangu anafikiri nimeanza kupotea. Tulikubaliana baada ya baba yake kufariki. Nitakaa hapa mradi njia iwe wazi kwa gari la wagonjwa. Siku nikishindwa kuifungua kwa trekta, nahamia mjini."

"Nani mwingine anajua makubaliano hayo?"

"Eastmore nzima. Hapa hata homa ya paka inatangazwa."

"Trekta uliliandaaje kwa baridi?"

Lorraine akafumba macho. "Mwezi wa kumi. Nilimwaga oili nzito nikatia nyepesi. Nikabadilisha chujio la dizeli, nikatia dawa ya kuzuia dizeli isigande. Nikatia grisi kwenye kila chuchu ya kuipokelea, hata ile ya chini inayonitoa ngozi ya vidole. Nikafunga minyororo kwenye matairi, nikaunganisha na mashine ya kurushia theluji. Fundi Curtis Roy akaja na kipimo chake kupima kulanti. Vipira vyote vya kipimo vikaelea, maana yake haigandi. Theluji ya kwanza ilipoanguka nikachomeka hita, na sijaichomoa ila nikiwa natoka na trekta." Akafumbua macho. "Hayo nayakumbuka. Sasa niambie kama mtu anayeyakumbuka hayo anaweza kutia maji akasahau."

"Bado sijui," Delphine akajibu.

Jibu hilo lilimuumiza Lorraine, lakini lilimpendeza kuliko upole wa Noreen kwenye simu.

"Lilifanya kazi mara ya mwisho lini?"

"Jumamosi, vizuri kabisa. Jumapili asubuhi nilikwenda kanisani, Noreen akabaki kunipikia maharage. Jumatatu hakukuwa na theluji, sikuliwasha. Baridi kali ikaingia usiku."

Bandani, Delphine alianza na plagi. Hita ingekuwa inafanya kazi, hata maji matupu yasingeganda. Akachomoa, akachomeka taa ya mkononi kwenye soketi ileile. Haikuwaka. Akakagua fyuzi, zote nzima. Akaufuata waya ukutani, ukatoka nje, ukavuka juu ya ua, ukaingia nyumbani kupitia ukuta wa stoo. Huko, nyuma ya magunia ya unga, kulikuwa na swichi ndogo yenye vumbi. Ilikuwa imezimwa, na vumbi la juu yake lilikuwa limefutika kwa upana wa kidole.

"Hii ya nini?"

"Armand wangu aliiweka kwa ajili ya nyota ya Krismasi juu ya paa la banda," Lorraine alisema. "Nyota iliungua zamani. Nilidhani swichi hiyo haina kazi tena. Kumbe ndiyo inayopeleka umeme kwenye soketi ya hita."

Swali la pili lilikuwa kulanti yenyewe. Kama ilitolewa, ilikwenda wapi? Sakafu ya banda ilikuwa kavu. Nje, Delphine alifukua theluji mpya mpaka ya zamani akitafuta doa la kijani. Hakuliona. Saa sita alipanda ngazi, akatazama juu ya boriti za paa. Yalikuwako madumu mawili ya maziwa yaliyojaa kulanti, vifuniko vimekazwa, yamefungwa kamba kwenye boriti yasianguke.

Akayapiga picha. Hakumwambia Lorraine.

Jirani wa chini, Wendell Tuttle, alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulining'inia ndani ya kitambaa.

"Nimesikia," alisema kabla hajasalimiwa. "Na sijalia. Mashine yake inarusha theluji yote uani kwangu. Na lile jibwa lake limekula kuku wangu watatu. Siku likifa nitaoka keki, nawe utaletewa kipande, konstebo."

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, na bega hili. Nilianguka barafuni Ijumaa. Kikombe cha kahawa nakiinua kwa kuomba Mungu."

"Ulimwona mtu akipanda?"

"Noreen. Kisha Curtis na gari lake bovu. Fundi wa magari mwenye gari bovu, wewe mtu kama huyo ungemwamini?"

Curtis Roy alipatikana kwenye gereji yake, kichwa ndani ya injini ya mtu mwingine. Hakukitoa.

"Mimi nitie maji kwenye trekta la mama Lorraine? Baridi hii? Heri nitie supu, angalau ina chumvi."

"Ulikwenda kwake Jumapili."

"Nilifuata jeki yangu. Ilikuwa barazani, sikuingia bandani. Noreen alinipa kahawa. Alikuwa anaota moto jikoni na jaketi mwilini, akanihimiza ninywe haraka maana maharage yanaungua." Sasa akatoa kichwa. "Konstebo, watu wakisema kazi yangu ndiyo iliyopasua injini ile, nafunga gereji. Unajua hivyo, eti?"

"Kulanti chafu unaiweka wapi?"

"Kwenye pipa lile. Likijaa nalipeleka mjini. Mtu hamwagi kulanti ovyo. Ni tamu. Mbwa akiilamba, kesho unachimba kaburi."

Jumatano saa nane mchana, Delphine aliwakusanya Noreen, Wendell na Curtis jikoni kwa Lorraine. Wote walikuwa wamepanda kwa miguu na soksi zao zilitoa mvuke karibu na jiko la kuni. Noreen alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono juu ya mabega yake.

"Haya yanasaidia nini?" Noreen aliuliza. "Mama hakulala vizuri usiku. Imetokea, basi. Nimeshamtayarishia chumba."

"Yanasaidia kujua nani aliyefanya," Delphine akasema. "Bwana Tuttle, ukitaka hita ya trekta lile isifanye kazi, utafanya nini?"

"Nichomoe plagi. Hata kuku wangu wangejua, kama wangekuwa hai."

"Curtis?"

"Plagi. Au fyuzi."

"Plagi ilikuwa mahali pake na fyuzi zilikuwa nzima. Mtu huyu alijua kwamba Lorraine huigusa plagi kila siku, na alijua njia nyingine ya kukata umeme." Akafungua mlango wa stoo, akasogeza gunia. "Hii hapa. Lorraine mwenyewe alidhani haina kazi. Imeguswa siku hizi."

Wendell akanyoosha shingo. "Mimi stoo hii sijawahi hata kunusa."

"Kisha kuna kulanti. Ilifungwa kwenye dumu na kupandishwa juu ya boriti. Bwana Tuttle hawezi kuinua dumu, na angefurahi mbwa akiilamba. Curtis angeiweka kwenye gari lake aende nayo kwenye pipa. Aliyeificha alikuwa na haraka, asingeweza kuondoka nayo bila kuulizwa, na hakutaka Moxie afe. Lorraine, nyota ile ya Krismasi, ni nani aliyekuwa akibonyeza swichi?"

Lorraine akatazama mlango wa stoo. Mabegani mwake, mikono ya Noreen ilikuwa imekakamaa.

"Noreen," Lorraine akasema. "Kila mwaka. Baba yake alimbeba ili aifikie."

Noreen akaondoa mikono. Curtis akatazama kikombe chake.

"Baba alikuwa anakata roho sakafuni pale," Noreen alisema kwa sauti ya chini. "Gari la wagonjwa liko chini linazungusha matairi kwenye theluji, na wewe uko bandani unahangaika na trekta. Mwezi wa kumi na moja nikakukuta umelala chini ya trekta lilelile, damu mkononi, huna hata simu. Nikakuomba. Ukacheka. Nifanye nini, Mama? Ningoje kukukuta umeganda?"

"Kwa hiyo ukaifunga njia," Delphine akasema. "Tangu jana asubuhi hakuna gari la wagonjwa linaloweza kufika hapa."

"Nilitaka kumchukua siku hiyohiyo! Yeye ndiye aliyekuita wewe!"

"Injini ni chuma," Lorraine akasema. "Ungeipiga nyundo mbele yangu, tungegombana, yangeisha. Lakini ulinipigisha hesabu kichwani siku mbili. Niliamka usiku nikajiuliza jina la mama yangu, nione kama bado nalijua. Na wewe kwenye simu ukaniambia, Mama, labda ulisahau."

Noreen akaanza kulia. Hakuna aliyemsogelea.

"Unataka kufungua mashtaka?" Delphine akauliza.

"Hapana. Nataka uwaambie wote walioko hapa, nami nikiwemo, nani alitia maji."

"Noreen ndiye aliyetia maji. Lorraine hakusahau kitu."

Lorraine akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepokea mzigo wake ukiwa kamili. Curtis akasema injini kuukuu ya aina ile anayo nyuma ya gereji, itahitaji wiki mbili. Wendell akasema kwa hasira, kama aliyetukanwa, kwamba mpaka hapo atakuja kufungua njia yeye na trekta lake, bega au si bega.

"Mama," Noreen akasema. "Siku moja utashuka lakini. Lazima utashuka."

"Nitashuka," Lorraine akamjibu. "Siku nitakayoanza kusahau. Ila siku hiyo nitamuuliza mtu mwingine, si wewe, kama ni kweli."