Vumbi la Popo Darini

Mwaka 1967 tulipewa na serikali nyumba ya mawe, Malindi, mjini Unguja. Tulitoka Ng'ambo kwenye kibanda cha makuti, tukaona tumepata. Kumbe darini wamejaa popo. Kinyesi chao kilikuwa kikavu, tele. Mume wangu Silima alikifagia, akashuka amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Wiki chache baadaye alianza kukohoa. Homa haimtoki, nguo zinampwaya. Mama yake, Bi Sichana, akasema, "Nyumba hii ina wenyewe."

Akaleta mganga. Mganga akaagiza Silima afagie dari kila Ijumaa, ubani ukifuka, ili shetani ahame.

"Mama, mtu hana pumzi, unampandisha darini?" nilisema.

"Wewe Mwatum nyamaza. Mtoto wangu mimi."

Sikunyamaza. Niligomba mpaka sauti ikanikauka, na Silima akapanda vilevile. Vidonda vikamtoka mdomoni, hata uji haumezi. Hapo sikumwomba mtu ruhusa. Nilimtia kwenye teksi, nikampeleka hospitali.

Walimpima. Muuguzi, Bi Kidawa, akaniita.

"Si kifua kikuu. Ni kuvu."

"Kuvu kama ya mkate?"

"Jamaa yake. Inaota kwenye kinyesi cha popo. Ukifagia kikavu, mbegu zake zinaruka, hazionekani kwa macho, unazivuta. Zinakaa mapafuni. Wengi miili yao inazishinda. Ukivuta nyingi, au mwili ukiwa dhaifu, zinaingia kwenye damu. Damu inazipeleka kwenye ini, kwenye bandama, mpaka mdomoni."

"Atatuambukiza?"

"Haambukizi. Liogopeni lile vumbi."

"Na kila Ijumaa amefagia."

"Basi kila Ijumaa amevuta nyingine."

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Nilimwambia Bi Sichana yote. Alilia, nami sikumbembeleza.

Silima alitiwa dawa kwenye mshipa wa damu kwa muda mrefu. Sisi tulifuata maneno ya Bi Kidawa. Tulifunga pua na mdomo kwa kitambaa, tukakirowesha kinyesi kwa maji taratibu, tukakizoa kikiwa tope, tukakifukia. Popo walipotoka jioni, fundi akaziba matundu. Bi Sichana alibeba ndoo za maji mwenyewe, ngazi zote zile. Nilimwacha abebe.

Silima alirudi amekonda, lakini anakula. Siku moja tulisikia jirani yetu Miraji, ng'ambo ya kichochoro, akifagia dari yake. Silima alifungua dirisha.

"Miraji! Weka ufagio chini! Mwaga maji kwanza!"

Mtaa mzima ulimsikia. Na hakukohoa.