Muthokoi Nilioponda Kilimambogo

— Wewe una pasi. Mbwa wako je?

Askari wa stesheni ya Ruiru alikuwa anajichekea. Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Treni ya Thika ilikuwa imeshapiga honi.

— Mbwa si Mkikuyu, nikamwambia. — Ana tiketi yake, atakaa behewa la gadi. Nipishe.

— Pasi inasema unaenda Kilimambogo kujifunza upishi. Kwenu hakuna jiko?

— Jiko liko. Muthokoi wa Wakamba hakuna.

Akanirudishia karatasi. Mwisho wa ruhusa: Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, na sisi Wakikuyu bila pasi hatukwenda popote.

Upishi ulikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilikuwa barua ndani ya mkoba wangu. Muasya, fundi wa mashine za kahawa pale Ruiru, alikuwa amesema ataleta mbuzi wa mahari kwetu mwezi ule. Aliniambia mama yake anaishi peke yake. Kisha barua ikaja, haina jina:

"Ngendo. Kabla hujapokea mbuzi wa Muasya, njoo ule kwa mama yake. Utakuta mke. Njoo peke yako."

Sikumwonyesha Muasya. Nilimwonyesha mama yangu, Wamboi.

— Na ukimkuta huyo mke? akaniuliza.

— Nitakula, niseme asante, nirudi.

— Basi chukua mbwa. Mbwa hadanganywi na chai.

Mbwa mwenyewe, Hodari, nilipewa na Muasya miezi sita kabla ya safari hiyo. Thika tukashuka, tukapata lori la mkonge, na Kilimambogo sikuuliza njia. Hodari aliruka chini, akanusa hewa, akakimbia moja kwa moja hadi lango la miiba. Mtoto wa kike wa miaka kama miwili akamkumbatia shingo.

— Hodari! Hodari!

Nyuma ya mtoto alisimama msichana wa umri wangu, mchi mkononi.

— Huyu mbwa nilimlea mimi, akasema. — Wewe ni Ngendo. Mimi Mwongeli. Huyu ni Kanini.

Nikaubana mkoba kwapani.

— Mwongeli, wewe ni nani hapa?

— Mimi ni mke wa nyumba hii.

Kabla sijafungua mdomo tena, mama mmoja mrefu akatoka jikoni akijifuta mikono. Huyo ndiye Kalondu, mama ya Muasya.

— Mgeni hahojiwi langoni, na yeye asihoji langoni. Umekuja kufanya nini, mwanangu?

— Kujifunza muthokoi, mama.

— Basi shika mchi.

Tukatwanga, mimi na Mwongeli, kinu kimoja, michi miwili. Mahindi yananyunyiziwa maji kidogo, unatwanga taratibu hadi ganda litoke na punje ibaki nzima. Mimi nilitwanga kama naua nyoka.

— Polepole, Mwongeli akanong'ona. — Punje haijakukosea.

— Nani amenikosea, basi?

Akatazama jikoni, akaendelea kutwanga.

Jioni muthokoi uliiva, pamoja na mbaazi. Kalondu akaniambia niupakue. Mimi nina cheti cha upishi, nafundisha akina mama Ruiru. Lakini akili ilikuwa mbali, na mkono ukafanya kazi inayoijua: nikashika mwiko, nikauponda muthokoi wote kama mukimo wa kwetu, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa.

Nilipogeuka, wote walikuwa wanatazama sufuria.

— Tumetwanga tangu mchana punje zibaki nzima, Kalondu akasema. — Chakula hiki kimekosa nini, hata umekipiga hivyo?

Mwongeli aliziba mdomo kwa leso, akicheka. Mimi nikaona nimeshaharibu, acha niharibu yote.

— Mama, huyu mtoto ni wa nani?

Kicheko kikakatika.

— Wa Kitheka, mwanangu wa kwanza.

— Kitheka yuko wapi?

— Kaburini. Aliangukiwa na jiwe machimboni. Mwaka wa nne sasa.

— Na Kanini ana miaka miwili.

— Kitheka alikufa hajaoa. Mimi nikatoa mbuzi, nikamwoa Mwongeli kwa jina lake. Kwetu hilo liko. Mtoto ni wa Kitheka. Swali lako haliulizwi.

— Kwetu pia mama anaweza kuoa. Lakini mimi nauliza.

— Kula, akasema. Akaula muthokoi wangu uliopondwa, kijiko kwa kijiko, bila kunitazama.

Usingizi haukuja. Asubuhi nikatembea langoni na kurudi, langoni na kurudi, Hodari nyuma yangu. Kwenye saa tatu baiskeli ikatokea barabarani. Muasya, vumbi hadi kwenye kope.

— Ngendo! Mama yako aliniambia. Kwa nini hukuniambia?

— Kanini ni wa nani?

— Wa Kitheka.

— Hilo jibu la nyumba nimeshapewa. Nataka lako.

Akaegemeza baiskeli. Ikaanguka. Akaiacha hapo chini.

— Ni wangu, akasema. — Kabla sijakujua. Mama alisema jina la ndugu yangu litapotea, na mimi ndiye niliyebaki.

— Kisha ukaniambia mama yako anaishi peke yake.

— Niliogopa utakataa.

— Sasa nimejua, na bado naweza kukataa. Imekwisha, ama unaendelea?

Akainama kuiinua baiskeli. Kalondu, aliyekuwa amekuja nyuma yetu, akajibu yeye.

— Kanini ni msichana. Jina la Kitheka linataka mvulana. Muasya atamaliza kazi, hata akikuoa.

Nikaenda kuchukua mkoba wangu. Mwongeli akanishika mkono palepale uani.

— Usiende. Barua niliandika mimi.

— Wewe?

— Muasya haongei. Mama hasikii. Nikaona nimwite mtu atakayeuliza.

Akamgeukia Kalondu, akimwita mama kwa Kikamba.

— Mwaitu, mimi simtaki Muasya, na yeye hanitaki. Tumekuwa tukikuogopa tu. Kuna mtu wangu upande wa Yatta. Desturi inaniruhusu kuchagua, ila hujawahi kuniuliza.

Kalondu akawafukuza kuku miguuni pake.

— Huyo mtu wa Yatta, Kalondu akasema mwishowe, — akikupa mvulana, mtoto ataitwa nani?

— Kitheka. Na atakaa hapa kwako.

Mama mzee akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

— Na wewe, Muasya? Una mdomo ama huna?

— Nimeshamaliza, mwaitu. Kanini nitamtunza. Lakini nyumba yangu nataka iwe ya Ngendo.

— Ungesema hivyo mwaka jana, tungekula muthokoi wenye punje, Kalondu akasema.

Saa nane lori la Thika likapiga honi barabarani. Muasya akanifuata hadi lango la miiba.

— Umenisamehe?

— Bado. Kesho nenda kwa mama yangu, umwambie kwa mdomo wako Kanini ni nani. Si mimi nimwambie.

— Atanifukuza.

— Rudi kesho kutwa.

— Na mbuzi?

— Baada ya hapo.

Nikapanda lori. Muasya akatazama nyuma, kisha akanitazama.

— Ngendo! Umemsahau Hodari!

Hodari alikuwa amelala kivulini, kichwa juu ya miguu ya Kanini. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa mkononi mwangu. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

— Sijamsahau. Nitakuja kumchukua.

Muasya akasimama hivyo, mikono kichwani, anacheka na macho yamelowa, mpaka vumbi la lori likamfunika. Ruiru nilifika saa kumi na moja na nusu.

Maitu, mama yangu, alimfukuza Muasya mara mbili. Mara ya tatu akamuuliza, "Huyo mtoto ana viatu?" Mwezi wa nane mbuzi wakaja. Kalondu aliketi kwenye mkeka wetu, Kanini mapajani, viatu vipya miguuni. Akaletewa sahani ya mukimo. Akaigeuza, akaitazama huku na huku.

— Hata hapa mmekipiga chakula?

Akala sahani mbili.