Kisoma Diski cha Chiriku

Watu wananiita Pilipili, nami sikatai. Fundi akiwa mpole, wateja humpanda kichwani.

Jioni hiyo nilikuwa nashusha mlango wa duka langu la kutengeneza kompyuta, njaa imenishika, simu ikaita. Shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usipitilize kwako. Njoo na kile kidude."

"Kwani hakiwezi kungoja urudi hospitali?"

"Nikirudi nitakitazama kwa jicho gani?"

Nikapandisha mlango tena.

Kidude chenyewe kilikuwa kisoma diski, kile chenye trei inayotoka ukibonyeza, ukaweka diski, ikarudi ndani. Nilikichomoa kwenye kompyuta kuukuu pale dukani, maana cha kwake kilikuwa hakifunguki tangu mwanawe afariki. Mwanawe, binamu yangu, tulimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Alikutwa asubuhi ameinamia meza ya kompyuta, koleo mkononi, mama yake akiwa safarini kumuuguza mama mdogo wake. Moyo, walisema. Lakini jirani alimwona dirishani jioni ya mwisho akijirekodi, na mezani palikutwa kasha la diski, tupu. Diski yenyewe ilikuwa imebaki ndani ya kisoma diski chake.

Na kesho yake shangazi alikuwa anakwenda kupasuliwa jicho. La kushoto lilishazimika zamani. La kulia lina mtoto wa jicho, na daktari hakumficha: kisu kinaweza kumrudishia nuru, kinaweza pia kuimaliza. Picha za ukutani anazo. Alitaka kumwona Chiriku akitikisika, akichezesha mdomo, kabla hajalazwa kwenye kitanda kile.

"Mtoto mmoja nilimzaa kwa uchungu," aliniambia mlangoni, akinipapasa uso. "Huyu wa jicho kaja bila hata kualikwa."

Tulicheka. Halafu akanipeleka chumbani kwa Chiriku.

Chumba kilikuwa kinafagiliwa kila siku, ila kulikuwa na harufu. Harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa mahali zikavunda. Nilidhani ni ukuta unaofyonza maji.

Nikalaza kasha la kompyuta ubavu, nikafungua skrubu. Vumbi likanipiga puani, nikapiga chafya, nikamulika tochi.

Waya wa umeme wa kisoma diski ulikuwa umekatwa.

Haukuchakaa. Umekatwa kwa koleo, ncha zake zikafungwa utepe mweusi, vizuri kabisa.

"Nani huyu fundi uchwara aliyegusa hapa?"

"Hakuna aliyegusa," shangazi alisema. "Tangu Chiriku aondoke sijaruhusu mkono wa mtu."

Nikamulika mbele. Ukingo wa trei ulikuwa umepakwa gundi ya viatu, pande zote, kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka.

Sasa, kitu kilichoharibika hakigundishwi. Kinachogundishwa ni kile ambacho mtu hataki kifunguke. Hilo nililielewa palepale, na kisu nilikuwa nimeshakishika. Lakini sisi mafundi tuna ugonjwa wetu: tuonyeshe kitu kimefungwa, mikono inawasha. Na nyuma yangu alikuwa amesimama mama anayemtaka mwanawe.

Nikaibandua gundi. Visoma diski vyote vina kitundu kidogo mbele, kwa ajili ya siku kama hii. Nikanyoosha klipu ya karatasi, nikaichomeka, nikasukuma.

Krrr...

Trei ikatoka polepole. Diski ilikuwamo, safi haina hata alama ya kidole. Na baridi. Baridi ya kitu kilichotoka kwenye friji.

"Ipo?" shangazi alinong'ona.

"Ipo."

Akaanza kulia, nami nikamfokea aache, maana akilia na mimi nalia, na kazi haiendi.

Kisoma diski changu nikakifunga kwenye nafasi ya chini. Kile cha zamani nikakirudisha palepale juu, bila waya hata mmoja, kizibe tu tundu. Ndivyo tufanyavyo mafundi wengi. Tundu likiachwa wazi mende wanahamia, na kasha linabaki kibogoyo.

Nikawasha. Kompyuta haikukiona changu. Nikazima, nikabadilisha waya bapa, nikawasha. Wapi! Nikakumbuka kile kijipini cha nyuma. Kompyuta za zamani zinafungisha vifaa viwili kwenye waya mmoja, na kijipini ndicho kinachosema nani mkubwa, nani mdogo. Changu kilikuwa kimewekwa kuwa mkubwa, na mwenzake kwenye waya ule, diski kuu ya kompyuta, pia mkubwa. Mafahali wawili, zizi moja. Nikakihamisha kijipini, nikawasha tena.

Safari hii kikaonekana. Ila kwenye skrini vilitokea visoma diski viwili. Changu, na kingine kisicho na jina.

Cha juu hakikuwa na waya. Wa umeme ulikatwa, na ule bapa nilikuwa nimeuchomoa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikajiambia kompyuta imezeeka, inakumbuka ya kale kama wazee wengine. Nikaingiza diski.

Chiriku akatokea.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile nilichokalia, amevaa fulana yake ya mistari. Shangazi alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ni yeye? Pilipili, ni yeye?"

"Ni yeye, shangazi."

"Simwoni..." Alikodoa, akafuta jicho kwa kanga, akakodoa tena. "Naona kivuli tu. Mwanangu simwoni."

Nikaongeza mwanga wa skrini hadi mwisho. Haikusaidia.

Na Chiriku hakuwa akiongea. Chiriku, mtu wa kupiga soga hata na kuku! Alikuwa anatazama dirishani, midomo imekauka. Aliposema, alinong'ona.

"Inakuja jioni. Inaniita kwa sauti ya Mama. Na Mama yuko mbali, kwa mama mdogo..."

Ndani ya ile rekodi, nje ya dirisha lake, mtu akabisha.

"Mwanangu... nifungulie."

Shangazi alinishika mkono kwa kucha. "Hiyo ni sauti yangu," alisema. "Pilipili, mimi sikuwapo. Hiyo ni sauti yangu!"

"Nimeshaitika mara moja," Chiriku aliendelea. "Mimi basi tena. Lakini sauti yake nimeinasa, naifungia humu. Isifunguliwe." Akainua uso, akatutazama sawia. "Mama..."

"Abee, mwanangu!"

Nilimziba mdomo. Nilikuwa nimechelewa.

"...ukisikia inakuita," Chiriku alimalizia, "usiitike."

Skrini ikawa nyeusi.

Hata feni ya kompyuta ilikuwa imenyamaza.

Halafu...

Krrr...

Taa ndogo ya kijani iliwaka. Si kwenye kisoma diski changu. Kwenye kile cha juu, kisicho na waya. Trei ikatoka taratibu, tupu, ikasimama. Ile harufu ya nguo mbichi ikajaa chumba kizima.

Nje ya dirisha, mtu akabisha.

"Mama... nifungulie."

Sauti ya Chiriku. Ya Chiriku mwenyewe, na ule mkwaruzo wake wa mafua yasiyoisha.

Shangazi alikurupuka. Sikujua mwili mdogo vile una nguvu kiasi kile. Alikuwa ameshafika kwenye komeo la dirisha nilipomkumbatia kwa nyuma.

"Niache! Mwanangu yuko nje!"

"Chiriku tulimzika, shangazi! Kaa chini! Nimesema kaa!"

"Mama... baridi huku..."

"Usiitike! Ukiitika tena nakupiga, haki ya Mungu nakupiga!"

Nilimfokea mkubwa wangu kama mtoto mtukutu, nikamkalisha kitandani kwa nguvu. Nikachomoa waya wa ukutani. Taa ya kijani haikuzimika. Sikuwa na akili nyingine zaidi ya ile ya Chiriku. Nikaitoa diski kwa klipu, nikairudisha kwenye trei ya juu, nikasukuma. Trei ikasukuma nayo. Nikaegemeza bega, ikaingia. Nikaimwagia gundi yote iliyokuwa mkobani, nikaizungushia utepe mweusi mpaka utepe ukaisha.

Sauti ikakatika katikati ya neno.

Tulilala kwangu usiku huo, taa zote zikiwaka. Kisoma diski cha Chiriku nikakichomoa, nikakipeleka dukani, nikakisukumia chini ya meza, nyuma ya makasha mabovu. Asubuhi, tulipofika hospitali, shangazi aliniambia kitu kimoja tu.

"Mimi ni mama, Pilipili. Akiniita siitikeje?"

Nikamshika mkono, tukaingia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alitoka anatabasamu, akatuonya: bandeji ataifungua yeye mwenyewe. Mtu mwingine akiigusa kabla jicho halijapona, nuru ndiyo basi. Shangazi alikuwa amelala chali, nusu ya uso imefungwa, kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari ile akiwa na raha.

"Nikifunguliwa," alisema, "niletee ile diski. Sauti uizime. Nataka sura tu."

Nikamwambia sawa. Mungu anisamehe, nilikuwa namdanganya.

Kesho yake nilikawia dukani, nikafika wodini giza linaingia. Nikamkuta ameshika bandeji kwa viganja viwili.

"Ulikuja saa hizi?" aliniuliza.

"Ndiyo kwanza nafika."

"Basi hukuwa wewe." Alishusha pumzi. "Sauti yako. Hapa sikioni. 'Shangazi kipenzi, fungua jicho unione.' Taratibu, kwa kubembeleza."

"Ukafanyaje?"

"Nikaigeuzia kisogo! Wewe tangu uzaliwe umenibembeleza lini?"

Nilicheka mpaka muuguzi akanikemea. Nilicheka na machozi yananitoka. Na hapo, kitandani pale, kwa sauti zetu za kawaida, tukawekeana ahadi. Mimi nikija nitamfokea. Asiyefoka si mimi.

Tulisema kwa sauti. Kila mtu mle wodini angeweza kutusikia. Dirisha lilikuwa wazi, na nilisikia harufu ya nguo mbichi, nikadhani ni kufulia kwa hospitali.

Jioni iliyofuata sikukawia. Nilikaa naye mchana kutwa, nikamlisha, nikamsimulia umbea wa wateja. Jua likizama muuguzi akaniita dirishani pa dawa nikachukue matone. Foleni ilikuwa fupi. Nilipokuwa narudi nilisikia mtu anafoka wodini. Maneno makali, ya haraka, ya mtu asiye na subira.

Nikasimama kwenye korido.

Ilikuwa sauti yangu.

"Fungua hilo jicho! We mama, nimesema fungua! Mwanao kaja kutoka mbali, unamwangalia kwa bandeji?"

Nilikimbia. Chupa ya matone ilipasukia wapi sijui.

Hakukuwa na mtu pembeni ya kitanda. Shangazi alikuwa amekaa wima, bandeji imelala mapajani, damu nyembamba inamtiririka shavuni. Jicho lilikuwa wazi kabisa. Alikuwa analielekeza dirishani, na alikuwa anatabasamu.

"Ulifoka," aliniambia. "Nikajua ni wewe."

Daktari alifanya aliloweza. Kabla usiku haujawa mwingi alitoka, akanivuta pembeni, akatikisa kichwa. Jicho limekwenda, halitarudi. Nikaingia kumwambia, machozi yakanitangulia. Yeye ndiye aliyenitafuta mkono, akaupata, akaupapasa.

"Usilie. Nimemwona."

"Umemwona nani, shangazi?"

"Amekonda." Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Mwanangu amekonda sana, Pilipili. Fulana inamning'inia. Na amekulalamikia. Anasema kule ndani alikuwa ameishika yeye ile sauti, kwa mikono yake. Ukafungua, ikamponyoka ikatoka. Halafu ukarudi ukamfungia yeye."

Sasa shangazi anaishi kwangu, gizani. Haulizi tena habari za diski. Anauliza tu, kila jioni, kama nimeshamfungulia mwanawe. Namwambia bado.

Kile kidude kiko palepale chini ya meza. Mchana ni chuma tu. Jua likizama kinagonga, polepole, kutoka ndani, na leo nimekiinua nikaona utepe umelegea na gundi imeanza kubanduka pembeni. Nimenunua gundi nyingine, ninayo mkononi. Sijaipaka. Mle ndani mtu ananiita kwa jina la utani la utotoni, jina ambalo Chiriku peke yake ndiye aliyelijua. Na mlangoni pa duka, wakati huohuo, shangazi ananifokea nimfungulie, na nimemwacha nyumbani amelala.

Sijaitika.