Ndege Juu ya Debe

Mpunga ulipoanza kukomaa, Kisa alikuwa akipita shambani kila asubuhi huko Ngonga kumsaidia bibi yake kuwinga ndege. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, kisha akakimbilia shule, amechelewa. Bibi alikwisha kumwambia kwamba ndege wakizidi, itabidi aache masomo mpaka mavuno.

Tumaini la Kisa lilikuwa roboti. Klabu yao ya shuleni, chini ya Mwalimu Emerensiana, ilitengeneza mkono wa mota unaopiga debe. Programu waliiandika wenyewe: piga kila baada ya dakika tano.

"Jumamosi kaa nayo shambani hadi saa sita," mwalimu alimwagiza. "Kila inapopiga, andika ndege wamefanya nini."

Debe lililia mara sita, ndege wakaruka mara sita. Kisa akaona inatosha, akaenda kuogelea. Jioni alijaza kurasa mbili kwa mwandiko mzuri: wameruka, wameruka, wameruka.

Jumatatu Bibi aliiachia mashine shamba, akaenda kuchuma kakao. Kisa aliporudi kutoka shule, alimkuta amesimama, mikono kiunoni. Kona nzima ya mpunga ilikuwa imeliwa. Kwelea wawili walitulia juu ya debe lenyewe. Lilipolia, waliruka kidogo wakakaa tena.

"Fundi wako amepata wageni," Bibi alisema. "Kesho hubanduki hapa."

Kisa angeweza kusingizia betri. Lakini aibu ilimchoma, akarudi shuleni mbio.

"Shikamoo, mwalimu. Sehemu kubwa ya zile kurasa niliitunga."

"Marahaba. Na mimi nikaziamini. Ungekaa, ungeona wanavyozoea." Alifungua kompyuta. "Haya, tufanyeje?"

Kisa alifikiri. "Mimi nikiwafukuza, hawajui nitapiga kelele saa ngapi."

Wakabadilisha programu: debe lilie baada ya dakika moja, kisha saba, kisha mbili, bila mpangilio. Kisha mwalimu akaenda kumwomba Bibi siku moja tu ya kuijaribu.

"Siku moja," Bibi alikubali. "Na daftari nitaandika mimi."

Kesho yake Kisa alitoka shule mbio hadi shambani. Bibi alikuwa kwenye kigoda, daftari mapajani: wameruka, wameruka, wamebaki watatu, wameruka. Mpunga ulikuwa salama.

"Bibi, hao watatu ungewaacha tu."

"Nikiwaacha, mwalimu wako atajuaje pa kurekebisha? Baya ndilo la kuandika kwanza, mjukuu wangu. Ukilificha, linakula shamba." Akamrudishia daftari. "Kesho wahi shule."

"Ndaga, Bibi," Kisa alishukuru, akafungua ukurasa mpya.