Diski Haifutwi

"Mwavuli umevunjika," alisema Chifu Yeh kwenye simu, kisha akakata.

Wan-ju alikuwa ameshaitia pikipiki moto. Maana ya maneno hayo ya siri ilikuwa moja tu: kompyuta ya kamera za bandari ya Keelung imekufa. Yamaha ilipasua mvua, ikapuuza taa nyekundu, ikasimama gatini kwa mlio wa breki.

Ndani ya diski ya kompyuta hiyo mlikuwa na picha za watu waliopakia vipuri vya makombora, mali ya wizi, katika meli ya Stella Orin. Meli ilikuwa ing'oe nanga adhuhuri. Bila picha isingezuilika, na jasusi mwenzake Teng, aliyesingiziwa kuipitisha shehena ile, angeozea korokoroni.

Teng hakuipitisha. Wan-ju alijua hivyo, na alikuwa na hasira.

Meneja wa kamera, Bwana Kuo, alimpokea huku jasho likimtoka.

"Dada, jana tulibadilisha bodi kuu ili mashine iende kasi. Leo haiwaki! Lakini fundi keshafika, anaweka mfumo endeshi upya."

Fundi alikuwa amechuchumaa, bisibisi mkononi, koti la kampuni limemkaa sawasawa.

"Mfumo wa zamani hauelewani na bodi mpya," alisema bila kugeuka. "Nafuta diski, naanza upya. Mafaili ndiyo basi tena. Pole."

"Hufuti kitu."

"Kwani wewe ni fundi, dada?"

"Mimi ni mbishi."

Redio ikalia kiunoni; Chifu Yeh alikuwa akimwita kwa jina lake la kijasusi.

"Korongo, ondoka hapo. Wakubwa wamesema meli iende."

"Chifu, redio inakwaruza."

"Haikwaruzi! Nakusikia vizuri kabisa!"

"Mimi sikusikii."

Akaizima.

Ndipo alipoiona ile pakiti juu ya kompyuta. Vitafunio vya Kuai Kuai. Taiwan nzima, mashine ya maana huwekewa pakiti hiyo ili itulie na iwe na adabu. Lakini huwa ya kijani, siku zote. Hii ilikuwa ya njano.

"Kuo, nani kaleta hii?"

"Ile yetu ilipitwa na tarehe, nikamtuma fundi anunue nyin..." Kuo akaitazama, uso ukampauka. "Mama yangu! Njano? Unataka bandari nzima izimike?"

Fundi akacheka. "Rangi tu hiyo. Chakula ni chakula."

Kuo akamkodolea macho.

Hakuna fundi wa kisiwa hiki ambaye angetamka maneno hayo. Huyu alijifunza lafudhi, akaiba koti, akasahau vitafunio.

Naye akang'amua kuwa ameumbuka. Bisibisi ilimjia Wan-ju shingoni.

Wan-ju aliinama, akanyakua bodi ya zamani mezani, akamtandika nayo fundi shavuni. Mkono wa fundi ukazama kotini. Bastola ya Wan-ju, Walther, ilikuwa imeshafika kipajini pake.

"Utoe mtupu."

Ukatoka mtupu.

"Kuo, mfunge kwa kebo."

"Kebo ipi, dada?"

"Yoyote isiyo ya diski!"

Wan-ju akaichomoa diski ya zamani, akaitia kifuani. Isiyounganishwa haifutwi na mtu. Akachukua diski mpya, tupu, kabatini mwa Kuo, akaifunga mashineni, akachomeka flashi yenye mfumo endeshi, akaanza kuuweka humo. Kuo alitimka dukani kutafuta pakiti ya kijani.

Nje, Stella Orin ikapiga honi.

"Umechelewa," fundi alicheka sakafuni.

"Nyamaza, mla njano."

Mfumo ukawaka. Akaizima mashine, akairudisha diski ya zamani kando ya mpya, akawasha tena. Mafaili yote yalikuwemo. Picha ya kwanza ilionyesha kontena mlango wazi, na mtu anayeelekeza wapakiaji.

Alikuwa fundi yuleyule, si Teng.

Akaituma, kisha akafungua redio.

"Korongo! Nitakufukuza kazi!"

"Tazama picha kwanza, Chifu."

Redioni ikasikika kibodi ikibofywa.

"Meli imezuiwa," Yeh alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Teng anafunguliwa sasa hivi. Lakini amri yangu..."

"Ilikwaruza."

Kuo alirudi akihema, akaiweka pakiti ya kijani juu ya kompyuta kwa mikono miwili. Wan-ju akachukua ile ya njano, akaipasua, akaanza kutafuna.

"Dada! Unakula hiyo?"

"Ya kijani waachie wenye adabu," alisema, akatoka zake mvuani.